Meli Isiyo na Nguo: Minara ya Anton Flettner na Hesabu ya Upepo

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na jina kwa kila upande ambako upepo huweza kutoka. Upepo unaokabili uso wa chombo ni upepo wa omo. Unaokisukuma kwa nyuma ni wa tezi. Ubavu unaotazamana na upepo huitwa joshi, na ubavu wa pili huitwa demani. Chombo kikitaka kwenda kule kule upepo unakotoka, hakina budi kupiga bisho, yaani kwenda kwa kupindapinda, mara upande huu, mara upande ule, hata kifike. Vyombo vyenye matanga havikubaki baharini tu: katika karne ya 19 vilivuka ziwa la Tanganyika baina ya Ujiji na ng'ambo ya magharibi, iliyo leo nchi ya Kongo. Hata hivyo, katika msamiati huo wote hamna neno la kukitaja chombo kilichoonekana katika maji ya Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, mwishoni mwa mwaka wa 1924.

Chombo hicho kiliitwa Buckau. Hakikuwa na tanga, wala foromali, wala zile kamba nyingi ambazo hulijaza jahazi toka omo hata tezi. Juu ya sitaha palisimama minara miwili ya bati la chuma, laini na mitupu, kila mmoja ukiwa na kimo cha meta 15 na zaidi na upana wa karibu meta 3. Aliyeitazama kwa mbali aliweza kuidhania kuwa mabomba ya moshi, ila moshi haukutoka. Minara ilikuwa ikizunguka, na chombo kilikwenda kwa nguvu ya upepo.

Waandishi wengi wa historia ya meli huipa habari hii mistari michache, tena kwa tabasamu, kama moja ya ndoto za wahandisi wa miaka ile. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Buckau haikushindwa na bahari. Ilishindwa katika daftari la hesabu, na hata hesabu yenyewe ilipigwa kwa kulinganisha vitu visivyolingana. Ndiyo sababu yafaa kuirudia habari yote tangu mwanzo.

Ujerumani ilikuwa imetoka katika vita vya 1914-1918 ikiwa imeshindwa, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya karibu meli zake zote kubwa za biashara. Viwanda vilivyozoea kuunda meli za vita vilikosa kazi. Wakati huo huo namna ya kuendesha meli ilikuwa ikibadilika. Meli ya Denmark iitwayo Selandia ilikuwa imeonyesha tangu mwaka 1912 kwamba injini ya dizeli yaweza kuvuka bahari kuu. Makaa ya mawe yalianza kurudi nyuma. Tanga nalo lilikuwa halijafa: kulikuwa bado na wenye meli wa Kijerumani waliotuma majahazi makubwa ya milingoti minne kwenda Amerika ya Kusini kuchukua shehena ya chumvichumvi ya mashambani. Tanga halikuomba malipo ya makaa wala ya mafuta. Lakini lilidai watu. Kupandisha, kupunguza na kukunja nguo zenye ukubwa wa mashamba, juu ya milingoti inayoyumba, usiku na katika baridi, ni kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa na bei yake. Swali la wakati ule, basi, lilikuwa hili: je, nguvu ya upepo yaweza kubaki, na mikono ikapunguzwa?

Aliyejaribu kulijibu alikuwa Anton Flettner. Alizaliwa mwaka 1885 huko Eddersheim, karibu na Frankfurt, akawa kwanza mwalimu wa shule. Jambo hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa katika kazi yake yote mna tabia ya mwalimu wa hesabu: kutafuta nguvu ndogo itakayoiamuru nguvu kubwa. Kabla ya minara alikwisha kujulikana kwa usukani wake. Katika usukani huo nahodha hausogezi ubao mkubwa. Husogeza kibao kidogo tu kilichofungwa ukingoni mwake, na maji yenyewe yanayopita ndiyo hugeuza ubao mkubwa. Ndege nyingi za baadaye zilitumia wazo hilo hilo.

Kutoka usukani alihamia kwenye tanga. Alifikiri kwanza kuweka mabawa ya chuma yaliyosimama wima badala ya nguo, nayo yaongozwe na kibawa kidogo kwa nyuma. Buckau, iliyoundwa Kiel mwaka 1920 kama skuna ya milingoti mitatu, ilikusudiwa kupewa mabawa ya namna hiyo. Mpango uligeuka katika mji wa Göttingen, ambako Ludwig Prandtl aliongoza taasisi ya kupima mwenendo wa hewa. Majaribio ya huko juu ya mitungi inayozunguka ndani ya upepo wa mashine yalionyesha nguvu kubwa kupita ile ya bawa lolote lenye eneo sawa. Flettner aliyaacha mabawa aliyokuwa ameyatumikia kwa muda mrefu. Si kila mvumbuzi awezaye kulitupa wazo lake mwenyewe kwa sababu vipimo vimelikana, na kwa hilo anastahili heshima.

Kanuni yenyewe haikuwa mpya. Kila mtoto aliyecheza kandanda ameiona: mpira uliopigwa kwa ubavu wa mguu huondoka ukizunguka, kisha hupinda hewani na kumdanganya mlinda lango. Newton aliitaja katika mpira wa tenisi mwaka 1672. Mwingereza Benjamin Robins aliichunguza katika risasi mwaka 1742. Jina lililobaki ni la Heinrich Gustav Magnus, mwanafizikia wa Berlin, aliyefanya majaribio yake yapata mwaka 1852 kwa sababu majeshi yalitaka kujua ni kwa nini makombora hupotoka njia.

Kitu cha duara kinachozunguka hukokota tabaka jembamba la hewa inayokigusa. Katika ubavu mmoja uso wa mnara hukimbilia kule kule unakokwenda upepo, na hewa ya hapo hupita upesi. Katika ubavu wa pili uso huo huukabili upepo, na hewa hukawia. Palipo na mwendo wa haraka kanieneo ya hewa hupungua, na penye kukawia huongezeka, hata mnara ukasukumwa toka upande wenye kanieneo kubwa kwenda upande wenye kanieneo ndogo. La ajabu ni kwamba msukumo huo haufuati njia ya upepo. Huikata kwa pembe mraba. Upepo ukiivamia meli toka ubavuni, msukumo huelekea mbele au nyuma, kwa kadiri mnara unavyozungushwa. Minara yote ikizungushwa kinyume, meli hurudi nyuma, jambo ambalo nahodha wa jahazi haliwezi kwa urahisi. Mnara mmoja ukizungushwa huku na wa pili kule, meli hujigeuza papo hapo ilipo.

Nahodha wa Lamu asingeona uchawi katika jambo hili. Naye alijua, ijapokuwa hakulieleza kwa hesabu, kwamba tanga lililokazwa vema halisukumwi tu na upepo, bali huvutwa na hewa inayopita kwenye mgongo wake upande wa demani. Bila mvuto huo hakuna chombo ambacho kingepiga bisho. Mnara wa Flettner hufanya kazi ile ile ya mgongo wa tanga, ila huifanya kwa nguvu zaidi kwa sababu wenyewe hukimbia.

Hapa pana kosa moja linalorudiwa mara nyingi, nalo ni kudhani kwamba mota za umeme zilizozungusha minara ndizo zilizoisukuma meli. Mota hizo, zilizolishwa na injini ndogo ya dizeli, zilikuwa na kazi ya kuzungusha bati jembamba tu, zaidi ya mara 100 kwa dakika. Pasipo upepo minara ingeweza kuzunguka mchana kutwa na meli isisogee hata pima moja. Ni wazo lile lile la usukani: nguvu kidogo iamuru nguvu kubwa. Wapimaji wa Göttingen waliongeza jambo la kufaa, kwamba sahani pana ya duara ikiwekwa kichwani mwa mnara huizuia hewa isichepuke kwa juu, na msukumo huongezeka sana. Ndiyo maana minara ya Buckau ilionekana kama imevishwa kofia.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza hata kwa waliokuwa na shaka. Matanga ya awali ya Buckau yalikuwa na eneo la karibu meta za mraba 880. Minara miwili ikitazamwa kwa ubavu haikufika meta za mraba 100. Milingoti na matanga ya zamani vilikuwa na uzito wa tani 35. Minara ilikuwa na tani 7 hivi. Skuna ya zamani haikuweza kuukaribia upepo kwa pembe iliyo ndogo kuliko nyuzi 45, bali ile ya minara iliukaribia mpaka nyuzi 30 na chini yake. Mabaharia wa kupanda milingotini hawakuhitajika tena. Mtu mmoja aliyeshika swichi aliweza kufanya kazi iliyokuwa ya kundi zima.

Hofu kubwa ilikuwa dhoruba. Wengi walisema kwamba minara mirefu kiasi hicho itaipindua meli upepo mkali utakapoingia. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Msukumo wa mnara hutegemea uwiano kati ya kasi ya mzunguko na kasi ya upepo. Upepo ukizidi na mzunguko usizidi, uwiano hushuka, na msukumo hauongezeki kama uongezekavyo katika tanga. Zaidi ya hayo, mnara uliosimamishwa huwa nguzo nyembamba tu, wala hauna nguo ya kupasuka. Mwezi wa Februari 1925 Buckau ilitoka Danzig ikavuka bahari ya Kaskazini hata Leith, nchini Scotland, katika majira ambayo bahari hiyo haina huruma, na minara ilivumilia. Mwaka uliofuata, ikiwa imepewa jina jipya la Baden-Baden, ilivuka Atlantiki kwa njia ndefu ya kusini, ikaingia bandari ya New York tarehe 9 Mei 1926.

Mwaka huo huo wa 1926 kiwanda cha A.G. Weser cha Bremen kiliunda Barbara, meli ya mizigo yenye minara mitatu, kila mmoja wa kimo cha meta 17. Barbara haikuwa chombo cha majaribio tu. Ilifanya biashara katika bahari ya Mediterania, ikabeba shehena ya kulipiwa, ikafika bandarini kama meli nyingine. Nayo ilikuwa na injini kamili ya dizeli, na minara ikawa msaada. Jambo hilo lina uzito kuliko sifa zote zilizoandikwa na magazeti ya wakati ule. Na katika mwaka huo huo, kana kwamba historia ilitaka kuziweka njia zote mbele ya macho ya watu, iliundwa huko huko Ujerumani Padua, jahazi la milingoti minne lisilo na injini yoyote, moja kati ya majahazi makubwa ya mwisho ya biashara.

Baada ya hapo pakawa kimya. Minara ya Baden-Baden iliondolewa, na chombo chenyewe kilipotea katika dhoruba kwenye bahari ya Karibi mwaka 1931. Minara ya Barbara nayo iliondolewa katika miaka ya mwanzo ya 1930, na meli ikaendelea kwa dizeli peke yake. Flettner alihamia kwenye ndege. Helikopta yake Fl 282 ilitumiwa na jeshi la majini la Ujerumani katika vita vya pili vya dunia. Baada ya vita alihamia Marekani, akafariki New York mwaka 1961.

Ni nini kilichoiua minara, kama si bahari? Jibu la kawaida ni kwamba injini ya dizeli ilikuwa bora. Neno «bora» hapa laficha mambo mawili. La kwanza ni bei. Katika miaka ile mafuta yalikuwa rahisi, na kwa mwenye meli akiba ya mafuta machache ya rahisi haikulipa gharama ya kuweka na kutunza minara. Mdororo wa biashara ulioanza mwaka 1929 ukazidisha: meli nyingi zilitia nanga pasipo shehena, na nani angenunua uvumbuzi? La pili ni ratiba. Mnara wataka upepo wa ubavuni. Upepo wa omo haufai kitu, wala wa tezi hausaidii sana. Upepo ukifa, mnara nao umekufa. Mwenye shehena aliyeahidiwa siku fulani hakutaka kusikia habari za kusi wala kaskazi.

Hizo ni sababu za kweli. Lakini hata hivyo hukumu ilikosewa, na sehemu ya kosa ni ya wale waliousifu uvumbuzi huu kupita kiasi. Uliletwa mbele ya watu kama mrithi wa tanga na mshindani wa injini. Ukapimwa hivyo: je, meli ya minara peke yake yaweza kushindana na meli ya injini? Jibu ni kwamba haiwezi, na kila nahodha angelijua kabla ya kuuliza. Swali lililofaa ni lile ambalo Barbara ilikuwa imeanza kulijibu: injini ikifanya kazi yake, upepo wa bure waweza kuipunguzia mzigo kwa kiasi gani? Swali hilo lilipokuja kuulizwa kwa dhati, miaka 40 na zaidi ilikuwa imepita.

Inafaa kutaja njiani kwamba wazo halikulala kabisa. Mfini Sigurd Savonius, akiichunguza minara ya Flettner katika miaka ile ile ya 1920, alijiuliza kama mnara waweza kuzungushwa na upepo wenyewe bila mota. Aliupasua mtungi katikati kwa urefu, akazisogeza nusu zake mbili zikapata umbo la herufi S. Chombo hicho hakikufaa sana baharini, lakini kilifika mbali nchi kavu. Mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kuunganishwa kwa namna hiyo yamevuta maji ya visima katika vijiji vingi. Pipa lililobeba mafuta likafanya kazi pasipo mafuta.

Bei ya mafuta iliyopanda ghafula mwaka 1973, na tena mwaka 1979, ndiyo iliyoamsha waliolala. Mwaka 1980 Wajapani waliteremsha majini Shin Aitoku Maru, meli ndogo ya kubeba mafuta, yenye matanga mawili magumu yaliyoongozwa na kompyuta. Huko Ufaransa mpelelezi wa bahari Jacques-Yves Cousteau, pamoja na wataalamu Lucien Malavard na Bertrand Charrier, alitafuta njia ya katikati: mnara usiozunguka, wenye umbo la yai, ambao pangaboi ndani yake hunyonya hewa kupitia matundu ya ubavuni. Chombo cha kwanza, Moulin à Vent, kilivunjikiwa na mnara wake katika Atlantiki mwaka 1983. Cha pili, Alcyone, chenye minara miwili, kilivuka Atlantiki salama mwaka 1985, kikaendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Lakini katikati ya miaka ya 1980 bei ya mafuta ilianguka tena, na wenye meli wakarudi usingizini.

Kuamka kwa mara ya tatu kumedumu zaidi. Mwaka 2008 iliteremshwa majini E-Ship 1 yenye minara minne ya Flettner, kila mmoja wa meta 27, iliyokusudiwa kubeba mitambo ya umeme wa upepo. Iliteremshwa Kiel, mji ule ule ambako Buckau ilivishwa minara yake, ikaanza safari mwaka 2010. Mwaka 2018 minara miwili ya meta 30 iliwekwa juu ya meli ya mafuta Maersk Pelican. Baada ya mwaka mmoja wa kupima, akiba ya mafuta iliyothibitishwa ilikuwa asilimia 8.2. Mwaka 2021 Sea Zhoushan, meli ya kubeba madini ya chuma, ilipewa minara mitano inayoweza kulazwa wakati wa kupakia. Shirika la Kimataifa la Bahari nalo liliweka mwaka 2023 shabaha ya kuondoa gesi chafu za meli ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Asilimia 8 ingeonekana kuwa duni sana mwaka 1926. Kwa meli inayokula makumi ya tani za mafuta kwa siku, si duni.

Limebaki suala la jina, ambalo kwa wanafunzi wa lugha si dogo. Waandishi wengine husema «rota», neno la kukopa. Lakini rota ni pia sehemu ya mota, na bawa la helikopta, na msomaji hawezi kujua ni ipi inayotajwa. «Mnara» ni jina la umbo tu, halisemi kazi. Wako wanaoweza kupendekeza «pia», kile kichezeo cha watoto kinachosimama wima na kuzunguka, na taswira yake ni sahihi kabisa. Bahati mbaya neno hilo lina ndugu yake ambaye hutokea katika kila sentensi ya pili, kama ilivyotokea sentensi chache nyuma, na «tanga pia» lingeleta kicheko darasani.

Labda halihitajiki neno jipya. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi katika visiwa vya Lamu na jirani zake, haukuwa na tanga la nguo. Tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa miyaa kama mkeka, nalo liliitwa tanga. Ilipofika nguo ya pamba, jina halikubadilika. Neno lililohama toka miyaa hata pamba laweza kuhamia kwenye bati la chuma: tanga la mnara, tofauti na tanga la nguo, na baharia atakayelisikia atauliza kwanza kama upepo ni wa joshi.